Tulishindwa kura ya ndoa mwaka 2012, sasa harusi ya binti yetu imerudisha ugomvi

Dada mshauri, salaam.

Nakuandikia kutoka Minnesota, Marekani. Niliingia huku mwaka 1999 nikitokea Iringa, nikimfuata mume wangu aliyetangulia kusoma. Sisi ni Walutheri wa kuzaliwa na kulelewa. Mungu ametupa watoto watatu, na wa kwanza, binti, anafunga ndoa mwezi wa tisa tukijaliwa uzima. Mchumba ni kijana wa nyumbani, kwao Tukuyu. Washenga walikuja kwa adabu na mahari imekwisha. Kwa hiyo ukisoma mbele usidhani nalalamikia mkwe.

Kinachotutesa ni msimamizi. Desturi yetu unaijua: wasimamizi wa harusi wawe watu wenye ndoa yao, watu wa kuigwa, maana kwao ndiko maharusi watakakokimbilia siku wakikosana. Kamati ilipokaa kupanga, binti yangu akamtaja rafiki yake waliyesoma naye chuo. Ni nesi, msichana mwenye heshima, amekula kwetu mara nyingi, na mimi ananiita mama. Ndoa anayo. Lakini ndoa yake ni na mwanamke mwenzake.

Kikao kilinyamaza. Mwenyekiti wa kamati akafunga daftari akasema tuendelee na mambo ya ukumbi. Tulipofika nyumbani mume wangu akasema neno moja tu: huyo akisimama mbele ya madhabahu, yeye hatamsindikiza binti kanisani. Tangu siku hiyo anakula peke yake.

Sasa nikueleze tulikotoka, la sivyo hutatuelewa. Mwaka 2012 jimbo letu lilipiga kura kuamua kama katiba ya jimbo iandikwe kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepata uraia, na tuliona Mungu ametupa kura hiyo tuitumie. Tulipita nyumba kwa nyumba, tulisimama na mabango nje ya maegesho ya kanisa, tulifunga na kuomba. Tukashindwa. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha ndoa za jinsia moja. Nililia, dada. Nilijiona mgeni upya katika nchi niliyokwisha kuapa kuwa yangu. Tuliambiwa wachungaji watafungwa, watoto wetu watageuzwa, ndoa zetu zitakosa maana.

Miaka imepita. Mchungaji wetu hajafungwa na hajalazimishwa kumfungisha mtu yeyote. Hasira imeniisha, sijui lini. Lakini kuna kitu kimebaki ambacho siwezi kukipa jina. Kazini watu husema mbele yangu, "Wale wabaguzi waliopiga kura ya ndiyo," nami nakaa kimya kwa sababu mmoja wao ni mimi na hawajui. Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Tunaye bibi mmoja ambaye mwenzi wake ni mwanamke, wameoana kisheria. Usiku mmoja bibi huyo alianguka na mimi ndiye niliyempigia simu mwenzake. Alifika na koti juu ya nguo ya kulalia, viatu havifanani. Nikamtengenezea chai, nikakaa naye mpaka gari la wagonjwa lilipokuja, na kura haikunijia akilini hata kidogo. Ilinijia asubuhi nikiwa ndani ya basi. Imani yangu kuhusu ndoa haijabadilika, nikisoma Biblia nasoma yaleyale. Lakini sijui kama nimechoka au nimebadilika bila kujiona.

Mume wangu amekwenda upande wa pili. Yeye amekuwa mkali kuliko mwaka ule. Anasema kushindwa kura ni jambo la kawaida, lakini hawa wametushinda kisha wametuziba midomo. Kila siku anasikiliza wahubiri wanaosema Mahakama Kuu ya nchi itageuza uamuzi wake wa kuzikubali ndoa hizi. Na ndugu zetu wa Iringa kwenye kundi la WhatsApp wanamchochea, wanamwuliza ni harusi ya namna gani anayoiandaa.

La mwisho ndilo zito. Katika kubishana, binti yangu alitoa picha ya zamani. Ni mimi, nimesimama na bango, na yeye yuko ubavuni mwangu na bango lake. Alikuwa na miaka 12. Akaniambia, "Mama, mlinishikisha hili. Leo ungelishika tena?" Sikuwa na jibu. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo. Hajauliza tena, lakini ananitazama.

Nifanye nini na huyu msimamizi, nimwambie nini binti yangu, na mume wangu nimweleze vipi?

Mama wa Watatu, Minnesota

*

Dada yangu,

Nianze na harusi, kwa sababu ndiyo yenye tarehe.

Katika barua yako nimemwona binti, baba, mwenyekiti wa kamati na hata ndugu wa kundi la WhatsApp. Bwana harusi sijamwona. Je, yeye amesemaje? Wazazi wake wa Tukuyu wanajua? Harusi ni ya wawili, na kabla baba hajaweka masharti na mama hajatafuta mshauri, mkwe wenu aulizwe mbele ya binti. Huenda wameshakubaliana, na hapo ninyi mnabishana juu ya neno lililokwisha kutolewa. Huenda naye ana wasiwasi na ameshindwa kusema. Vyovyote iwavyo, lijulikane.

Kisha tenganisheni kazi mbili ambazo desturi yetu imezifunga pamoja. Ya kwanza ni ushahidi. Sheria ya Minnesota inataka mashahidi wawili wenye umri wa kuanzia miaka 16, basi. Haiulizi wana ndoa ya namna gani wala kama wana ndoa. Ya pili ni usimamizi wenyewe: kukaa na maharusi kabla na baada, kuwafunza, kuwapatanisha. Kwa hilo la pili, muulize binti yako, kwa upole na ukiwa tayari kusikia: siku umegombana na mumeo usiku, simu ya kwanza utampigia nani? Akisema ni yule nesi, basi msimamizi wake ameshapatikana, mpende msipende, na mkiweka wanandoa wengine pale mbele watakuwa wa kupigwa picha tu. Akisema angependa pia watu wazima wenye miaka mingi ya ndoa, wenye kujua mila za Kinyakyusa na za kwenu, basi nafasi zipo za kutosha: wanandoa hao wawe wasimamizi kwa desturi, na rafiki asimame karibu naye kama mpambe mkuu, atie sahihi ya ushahidi. Nani anasimama wapi ndani ya ibada, hilo ni la mchungaji, na aulizwe mapema na binti mwenyewe, siyo na kamati. Kauli ya mwisho ni ya maharusi. Kamati inachanga na kupika, haichagui.

Na huyo nesi je, anajua anajadiliwa? Kama hajui, msimwache asikie ukumbini. Ameketi mezani kwako na kukuita mama.

Sasa nije kwenye swali la binti, maana nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Unasema kuna kitu kimebaki usichoweza kukipa jina. Nadhani ni vitu vitatu vilivyochanganyika. Kipo unachokiamini kuhusu ndoa. Yapo maumivu ya kushindwa na kudharauliwa. Na ipo kura yenyewe, yaani kile ulichotaka kuwafanyia watu wengine. Ukivijibu kwa pamoja utajitetea pasipohitaji utetezi, na utanyamaza pale panapohitaji neno.

Imani kwanza. Hakuna anayekudai uibadilishe. Jaji Anthony Kennedy, ndiye aliyeandika uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa tarehe 26 Juni 2015 uliofungua ndoa hizi nchi nzima kwa majaji watano dhidi ya wanne, na ndani ya hukumu hiyohiyo aliandika kwamba wengi wanaoona ndoa hizo si sahihi wamefika hapo kwa misingi ya dini au falsafa iliyo ya heshima. Hayo ni maneno ya mtu aliyewashinda. Sheria ya jimbo lenu ya mwaka 2013 inazungumzia ndoa ya kiserikali, na inamlinda mchungaji asilazimishwe kufungisha ndoa ambayo kanisa lake halikubali. Sheria ya nchi nzima aliyoitia sahihi Rais Biden mwezi Desemba 2022 nayo imesema mashirika ya dini hayatalazimishwa kuhudumia sherehe hizo. Kwa hiyo mchungaji wako hakuponea bahati. Amelindwa kwa maandishi.

Maumivu nayo yana sababu, na hapa nataka mumeo asomewe, kwa kuwa sidhani kama anaota. Mwaka 2014 mkuu wa kampuni ya Mozilla, Brendan Eich, alijiuzulu siku chache baada ya kushika kiti, kelele zilipopigwa kwa sababu mwaka 2008 alichangia dola 1,000 kwenye kampeni ya California ya kupinga ndoa hizi. Jaji Samuel Alito, mmoja wa wale wanne, alionya mwaka 2015 kwamba wenye imani ya zamani watabaki kuinong'ona majumbani mwao, na wakiisema hadharani wataitwa wabaguzi. Wewe mwenyewe kazini unanyamaza. Hofu hiyo imetimia kwa kiasi fulani, na anayeikana hamtendei haki mumeo.

Lakini aone na upande wa pili. Mahakama Kuu hiyohiyo imewapa ushindi mara kadhaa wapinzani wasiotaka kuzihudumia ndoa hizi: mwokaji keki wa Colorado mwaka 2018, shirika la Kikatoliki la malezi ya watoto kule Philadelphia mwaka 2021, mbunifu wa tovuti mwaka 2023. Kwenu Minnesota, wapiga video za harusi wa St. Cloud walishinda mbele ya mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2019. Aliyewekwa rumande alikuwa Kim Davis wa Kentucky, mwaka 2015, na huyo alikuwa mtumishi wa serikali aliyekataa kutoa vyeti ambavyo sheria ilimtaka avitoe. Mwaka 2025 alirudi Mahakama Kuu akiomba uamuzi wa 2015 ufutwe. Novemba mwaka huo mahakama ilikataa hata kumsikiliza. Mumeo anaposikiliza wahubiri wanaomwahidi kwamba kesho mambo yatageuka, aijue na habari hiyo.

Asidhani pia kwamba amebaki peke yake. Taasisi ya Gallup ilipouliza mwaka 1996, Wamarekani waliokubali ndoa hizi walikuwa asilimia 27. Mwaka 2015 walifika 60, na mwaka 2025 walikuwa 68. Ila ndani ya chama cha Republican walioziunga mkono walikuwa 55 mwaka 2021, wakashuka hadi 41 mwaka 2025. Wabaptisti wa Kusini, kwenye mkutano wao wa Dallas mwaka huohuo, walipitisha azimio la kutaka uamuzi wa 2015 ubatilishwe. Wapinzani hawakuyeyuka. Wako waliobaki palepale, wako waliokaza, wako waliochoka. Na wako waliogeuka, kama David Blankenhorn, aliyesimama kizimbani mwaka 2010 kama shahidi wa upande wa kupinga, na mwaka 2012 akaandika gazetini kwamba sasa anazikubali. Wewe huna lazima ya kuchagua kundi la kuingia kabla ya mwezi wa tisa.

Mliambiwa pia kwamba ndoa zenu zitakosa maana. Mwaka 2000 Marekani ilikuwa na talaka 4 kwa kila watu 1,000. Mwaka 2022 zilikuwa 2.4. Sisemi ndoa za jinsia moja ndizo zilizopunguza talaka. Vijana wanachelewa kuoana, na wengi hawaoani kabisa. Lakini watafiti wa taasisi ya RAND walipopitia miaka 20 ya ndoa hizi, mwaka 2024, hawakuona kwamba zimedhuru ndoa za mume na mke. Lile mlilolihofia zaidi halikuja, na ni haki yako kulisema kwa sauti, hata ukiwa bado unaamini unachoamini. Mtu aliyeambiwa mafuriko yanakuja na hayakuja anaruhusiwa kushusha mizigo kutoka darini.

Sasa kura. Hapa sitakuficha nilipo. Mimi naamini kanisa lina haki ya kuilinda ndoa yake takatifu kama linavyoisoma katika Maandiko, na naamini serikali haina haki ya kumnyima mtu mzima kumwuguza, kumrithi na kumzika mwenzi aliyemchagua. Unaweza usikubaliane nami. Lakini tusaidiane kuliona lile bango kwa namna lilivyokuwa. Ndoa za jinsia moja zilikuwa zimekwisha kukatazwa Minnesota kwa sheria ya mwaka 1997. Hata kabla ya hapo, mwaka 1971, Mahakama Kuu ya jimbo lenu ilikuwa imewakatalia wanaume wawili waliokuja kuomba cheti. Mwaka 2012 hapakuwa na ndoa ya kuzuia. Kilichokuwa kikiombwa ni kufuli la katiba, ili hata wabunge wa kesho wakitaka kubadili wasiweze. Karibu asilimia 47 walisema ndiyo, zaidi ya 51 wakasema hapana. Mei 2013 bunge likabadili sheria, Gavana Mark Dayton akatia sahihi, na tarehe 1 Agosti, saa sita ya usiku, ndoa za kwanza zikafungwa katika ukumbi wa jiji la Minneapolis.

Yule nesi wakati huo alikuwa mtoto, rika la binti yako. Wewe ulipokuwa unaomba na kufunga hukumfikiria yeye, uliwaza kanisa na watoto wako. Nakuamini. Binti yako anaipima kura hiyo kwa rafiki yake. Anapouliza, "Ungelishika tena?" haulizi mafundisho ya Kilutheri. Anauliza kama mama yake, akimjua huyu msichana kwa jina, angetoka tena kwenda kufunga mlango mbele yake.

Jibu silijui, na nisingekuandikia hata kama ningelijua. Ila naona umeniandikia nusu yake bila kuulizwa. Usiku wa yule bibi ulikuwa na fursa ya kuwaza kura, hukuiwaza. Ulitengeneza chai. Mwenzake aliweza kufika, kupokewa na kuelezwa hali ya mgonjwa kwa sababu kisheria alikuwa mwenzi wake. Kama kufuli lile lingefungwa na likadumu, ungempigia simu nani? Kaa na swali hilo kabla hujaenda kwa binti yako. Usilikimbilie. Basi lako la asubuhi linatosha.

Kisha nenda. Mtoe nyumbani, muende mahali ambapo baba hasikii na vyombo vya kuosha havipo. Ukikuta jibu lako ni kwamba ungelishika tena, mwambie hivyo, na umwambie sababu, na uwe tayari kumwambia hivyohivyo yule rafiki uso kwa uso. Kama ni hapana, sema hapana, na usiogope kwamba hapana hiyo inaikana imani yako. Wako Wakristo wengi wanaoamini unachoamini kuhusu ndoa takatifu na hawaoni kwamba katiba ya jimbo ndipo mahali pa kuyaandika. Kama bado hujui, mwambie hujui. Binti wa miaka ishirini na kitu anaweza kubeba mama asiyejua. Anayemlemea ni mama anayekwenda kuosha vyombo.

Kuhusu bango alilolishika yeye, hilo ni jambo la peke yake, na hapo nina neno moja. Mwombe radhi. Usiweke "lakini" mbele yake, usieleze kwamba watoto wote wa usharika walikuwapo. Ninyi mlikuwa watu wazima wenye kura na dhamiri. Yeye alikuwa na miaka 12 na alisimama pale kwa sababu mama yake alisimama pale. Leo picha hiyo ina uso wake, na rafiki yake anaweza kuiona. Aibu anayoibeba hakuichagua.

Naye ana deni kwako, na siku moja utamwambia. Anapaswa kujua kwamba hamkutoka na mabango kwa chuki. Mlikuwa wahamiaji mliopata uraia, mkaombwa na watu mliowaamini mkafanye jambo kwa ajili ya Mungu, na mkafikiri hivyo ndivyo raia mwema anavyofanya. Kijana aliyekulia huko huwa na haraka ya kuhukumu. Lakini usimwambie siku hiyohiyo ya kuomba radhi. Acha radhi itulie kwanza.

Mume wako. Usimpelekee takwimu zangu kama fimbo. Mwanzie Iringa. Mwaka 2009 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, lile la ELCA, lilikutana hapohapo Minneapolis likaruhusu wachungaji walio katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja. Mwaka uliofuata baadhi ya washarika walitoka, wakaunda kanisa jingine. Maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri la Tanzania, nao walikutana Dodoma wakatoa tamko kali la kukataa, wakakataa hata fedha za wanaounga mkono ndoa hizo. Na bado Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Saint Paul iliyo ndani ya ELCA, ambao tangu miaka ya 1980 wana ushirika unaoitwa Bega kwa Bega, hawakuachana. Sharika za kwenu na sharika za huko ziliendelea kutembeleana, kusomesha watoto na kuombeana, kila upande ukijua mwenzake anaamini nini. Mumeo ni mtoto wa Iringa. Mwulize: kama dayosisi iliweza kukaa meza moja na watu inaotofautiana nao kwa jambo hilihili, yeye anashindwaje kutembea hatua chache na binti yake mwenyewe, anayeolewa na mwanamume, kanisani, kwa mahari?

Nadhani akinyamaza kidogo atagundua hasira yake si ya binti. Ni ya miaka yote aliyonyamazishwa, na imempata mtu wa karibu. Msikilize amalize, bila kumkatiza, kwa jambo hilo la kuzibwa mdomo, maana nina hofu nyumbani kwako napo ameanza kuzibwa. Mtu akishasikilizwa kwake hana haja ya kulidai neno lake madhabahuni. Asipomsindikiza binti siku ile, picha zitabaki bila yeye, na uamuzi wa mahakama utakuwa palepale. Mchungaji wenu anaweza kusaidia katika hili kuliko mimi. Mwombe aje nyumbani, asiitwe ofisini.

Kundi la WhatsApp lipewe mipaka mapema. Jina na picha za yule nesi na mwenzake zisitumwe huko, na mpiga picha aambiwe. Kama mna mpango wa sherehe ya pili Iringa na binti anataka rafiki aje, azungumze naye waziwazi kwamba sheria zetu huku Tanzania zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa vifungo virefu, na kwamba maneno ya ndugu yanaweza kuvuka geti. Aamue mwenyewe akijua. Ndugu wanaouliza ni harusi ya namna gani, wajibiwe na baba wa bibi harusi siku atakapokuwa tayari, au wasijibiwe.

Kikao kijacho cha kamati kisogezeni mpaka mtakapokuwa mmezungumza: wewe na binti kwanza, kisha wewe na baba yake, kisha maharusi na mchungaji. Ukumbi na chakula vinaweza kungoja juma moja.